Kabati la Nne, Chini ya Dirisha

Tulimzika Baba Kisimba Jumanne.
Vumbi la Septemba lilitupaka viatu rangi moja,
mkurugenzi na mlinzi.
Kwaya ya Katuba iliimba hadi sauti zikakauka,
na hakuna hata mmoja wetu aliyejua
kwamba tunafukia pia faharasa.

Jumatano akaja Mama Mujinga, bahasha kifuani.
Mume wake aliacha shimoni miaka thelathini na mmoja
na pafu moja.
Ofisi ya pensheni inadai ushahidi.
Nikauliza jina. Nikauliza namba.
"Namba? Ule Kisimba njo mwenye alikuwa anaijua."

Nikaingia chumbani.
Mafaili yamepangwa. Hapana, yamelala,
kwa mpango wa kichwa kimoja:
wa Kipushi ubavuni mwa waliokufa,
waliogoma ndani ya kabati la kijani,
wenye madeni juu kabisa, kusikofika ngazi.
Pembeni mwa majina, msalaba wa wino wa zambarau.
Ni marehemu? Ni aliyefukuzwa? Ni aliyelipwa?
Mtu mmoja ni Ngoie, ni Ngoy, ni Ngoyi,
kwa kadiri ya sikio la karani wa siku ile.
Wasomaji waliofika ukurasa wa mwisho
ni mchwa peke yao.

Siku tatu.
Kabati la nne, chini ya dirisha, mvua inapoingilia,
nikapata tofali la karatasi.
Nikalifungua kwa kisu cha mkate.
*Mwepu, J*
halafu wingu la zambarau, miaka thelathini na mmoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema.
Hawakusema daftari lenyewe likipotea
habari zake tumwulize nani.

Nikamwambia mkurugenzi: nipelekeni shule.
Akacheka vizuri, bila ubaya.
"Kusomea nini? Karatasi?
Karatasi inapangwa tu, kama nguo."
Hata nguo, nikasema,
fundi husomea cherehani.

Simlaumu Baba Kisimba.
Alifika na miaka kumi na tisa, ufagio mkononi,
akapewa funguo kwa sababu haibi.
Huo ndio ulikuwa mtihani wake,
wa kuingia na wa kumaliza.

Nikapanda basi hadi chuo kikuu.
Profesa alikuwa anakula karanga juu ya tasnifu za watu.
"Somo hilo kwetu halina hata kiti," akasema.
"Lakini una swali?"

Nilikuwa nayo, nyuma ya risiti ya unga:
Wino wa zambarau hufa baada ya mvua ngapi?
Jina moja lenye tahajia tano ni watu wangapi?
Kipi kitupwe, nani aamue,
na mjane wa aliyetupwa akate rufaa wapi?
Na hii kompyuta tuliyoletewa na wafadhili, ingali na nailoni yake,
itakumbuka nini siku nenosiri
litakapozikwa na mwenyewe?

Akaacha kutafuna.
"Hiyo si kazi ya karani," akasema polepole.
"Hiyo ni miaka minne, na maabara, na walimu
ambao bado hatujawafundisha."
Kisha akauliza marehemu alifundishwa na nani.
Hakuna.
Na yeye alimfundisha nani?
Nikatazama karanga.

Mama Mujinga bado anakuja kila Jumatano.
Anakaa benchini, ananitajia zamu, msimamizi,
rangi ya kofia, mwaka shimo lilipofurika maji.
Naandika. Natia tarehe. Natia namba.
Mashahidi wawili wanaweka vidole.
Kama itatosha kwa pensheni, sijui.

Nimenunua daftari gumu pale Kenya, sokoni,
nikafuta vumbi mezani kwake kwa kiganja.
Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza,
kwa yeyote atakayekuja baada yangu:
*Msalaba wa zambarau. Maana yake: haijulikani.
Inatafutwa.*